Bawa lililosokotwa: Jinsi ya kurekebisha makosa ya ujenzi wa ndege ya mfano

Ndege ya mfano inaporuka kwa mara ya kwanza, ikalala upande mmoja na kuanguka, lawama huenda kwa upepo au kwa mrushaji. Mara nyingi kosa lilishafanyika siku nyingi kabla, juu ya meza ya ujenzi. Katika makala hii tunaeleza makosa yanayojitokeza sana katika kujenga bawa la mbao za balsa, na namna ya kuyarekebisha kabla hayajaivunja ndege au kumjeruhi mtu.

Kwa nini msokoto mdogo ni hatari

Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili wa Marekani walioruka kwa ndege yenye injini tarehe 17 Desemba 1903, waliilaza ndege yao kushoto au kulia kwa kuvuta nyaya zilizosokota mabawa. Kwao msokoto ulikuwa usukani. Bawa lililosokotwa kwa bahati mbaya nalo huigeuza ndege, ila bila mtu kuamuru.

Hatari huongezeka wakati wa kutua. Ncha ambayo ukingo wake wa nyuma umeshuka hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi. Mwendo ukipungua, ncha hiyo huwa ya kwanza kupoteza nguvu ya kubeba, na bawa huanguka ghafla.

Pima kabla ya kufunika

Laza kila bawa juu ya ubao bapa na ukandamize shina lake, yaani upande unaoungana na kiwiliwili. Kwenye ncha, pima kwa rula kutoka ubaoni hadi ukingo wa mbele, kisha hadi ukingo wa nyuma. Vipimo vya kushoto na kulia vikilingana, na vikiafikiana na mchoro, endelea. Visipolingana, usitumaini kwamba kifuniko kitalinyoosha bawa. Huenda kikaukaza msokoto.

Marekebisho

Msokoto: Chanzo chake huwa ni meza isiyo bapa, au gundi kukauka huku vipande vimelazimishwa kukaa. Kata kwa wembe maungio ya mbavu na ukingo wa nyuma, bana bawa kwa pini juu ya ubao bapa, kisha gundisha upya. Kama limeshafunikwa kwa plastiki inayokazwa kwa joto, lisokote upande wa pili kupita kidogo pale unapotaka likae, pitisha pasi juu ya mikunjo hadi ipotee, na ulishikilie hadi lipoe. Kazi hii ni rahisi zaidi mkiwa wawili.

Ubavu usiolingana: Ukiwa mfupi, usiupinde ukingo ili uufikie, ziba pengo kwa kipande chembamba cha balsa. Ukiwa umezidi, tumia msasa uliogundishwa kwenye ubao mrefu unaogusa mbavu kadhaa kwa pamoja, la sivyo utachimba bonde palipokuwa na kilima.

Mhimili uliopasuka: Huu ndio uti wa mgongo wa bawa. Kuunga ncha kwa ncha kwa gundi pekee hakutoshi. Kata pande zote mbili kwa mshazari mrefu, zigundishe zikilaliana, kisha ongeza vibao vyembamba mbele na nyuma ya kiungo. Ufa ukiwa karibu na shina, ambako mzigo ni mkubwa zaidi, weka mhimili mpya.

Mabawa mawili ya kushoto: Hutokea mchoro unapoonyesha bawa moja tu. Paka karatasi mafuta ili mistari ionekane upande wa pili, igeuze, na ujenge bawa la kulia juu yake. Bawa la ziada lifungue kwa uangalifu. Mbavu zake bado zinafaa.

Jaribio la mwisho

Gundi nyingi haiongezi nguvu bali uzito. Ndege ikikamilika, ishikilie kwa pua na mkia uone kama bawa moja linazama. Ongeza uzito mdogo kwenye ncha ya lile jepesi. Kisha irushe kwa mkono bila injini, juu ya nyasi na mbali na watu. Ikilala upande uleule kila mara, rudi mezani ukapime tena. Kipande cha balsa na siku moja ya kusubiri gundi ni gharama ndogo kuliko ndege ya kilo 2 kumwangukia mtoto anayetazama.