Siku ya Soko Mwika

Mguu wa babu ulikaa nyuma ya mlango. Kila usiku bibi aliufungua mikanda, akauegemeza pale karibu na majembe, kisha akakiosha kigutu cha babu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Sisi wajukuu tuliopandishwa Mwika kila Desemba tuliuogopa mguu ule kuliko giza la migombani. Hatukujua kwamba kazi ile ya bibi ilikuwa na historia yake, wala kwamba ilikuwa imetungiwa sheria.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba tutampiga, jeshi lilipanuliwa haraka, na maelfu ya wanamgambo wakaitwa kutoka vijijini. Babu, mkulima wa kahawa mwenye watoto wanne, alikuwa mmoja wao. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na vita ikaisha mapema Juni. Wakati huo babu alikuwa amelazwa hospitali, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti.

Baada ya hapo masimulizi mengi ya vita ya Kagera huhamia kwenye uchumi: deni, foleni za sukari, na ile miezi 18 ambayo Mwalimu alituomba tufunge mikanda. Kwa bibi miezi 18 iligeuka miaka 34. Kihamba chetu kiko kwenye mteremko mkali, na masika ikija udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Mtu mwenye gongo hawezi kushuka chooni. Kwa hiyo bibi alichukua jembe akachimba ngazi kutoka mlangoni hadi chooni, na kila masika ilipozisomba alizichimba upya. Alikata majani ya ng'ombe, akabeba maji, akachuma kahawa ambayo zamani ilikuwa kazi ya mume. Malipo ya kahawa yaliendelea kuandikwa kwa jina la babu. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa mtoto wa kwanza, alimaliza darasa la saba akabaki nyumbani kumsaidia.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huohuo, hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kilianzishwa chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Mguu wa nyuma ya mlango ulitengenezwa huko.

Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria mbili. Nimezisoma mwaka huu, kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Sheria Na. 2 ya 1982 ilihusu ajira: mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 50 alitakiwa kutenga asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sheria Na. 3 ilihusu matunzo, na ndani yake jukumu la kuwatunza liligawanywa kwa familia na ndugu, serikali za mitaa, serikali kuu na mashirika. Hazikuandikwa kwa ajili ya waliopigana Kagera peke yao. Lakini vita ilikuwa imeisha miaka mitatu tu nyuma, na nilipofika kwenye neno "ndugu" nilimwona bibi na jembe lake.

Sheria zote mbili ziliondolewa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Hii ni pana zaidi na inazungumza lugha ya haki, jambo la kushukuru. Hata hivyo, ndugu bado yumo kama mwenye wajibu. Mahitaji yake mwenyewe hayajatajwa popote kwa uzito kama huo.

Mwaka huohuo wa 2010, mwezi Mei, Rais Barack Obama wa Marekani alisaini sheria ya kuwasaidia wanafamilia wanaowatunza wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Ilimpa mtunzaji posho ya kila mwezi, mafunzo, bima ya afya kwa asiye nayo, na angalau siku 30 kwa mwaka za kupumzika huku mtu mwingine akimshikia zamu. Mwanzoni iliwahusu walioumia tangu Septemba 2001 tu. Wake waliowatunza majeruhi wa Vietnam kwa miongo minne waliachwa nje hadi sheria nyingine ya 2018 ilipofungua mlango, na ni Oktoba 2022 tu ndipo wa vipindi vyote walipoingia. Hata kwenye nchi tajiri, waliosubiri zaidi hawakufikiwa kwanza.

Nilimpelekea bibi habari hizo nikidhani zitamfurahisha.

"Shikamoo bibi. Marekani mke anayemtunza mume aliyeumia vitani analipwa."

"Marahaba. Analipwa na nani?"

"Serikali."

Akacheka mpaka akashika mgongo. "Nilipwe kwa kumwogesha mume wangu? Watu wa hapa wangesemaje?" Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini angekuja mtu siku ya soko, akae na babu yako mpaka nirudi, ningemshukuru. Miaka mingi soko la Mwika nililisikia kelele tu, mjukuu wangu."

Kila ninapotaja jambo hili darasani huambiwa kwamba taifa halina fedha za posho. Inawezekana. Lakini bibi hakuomba posho. Aliomba siku moja, na siku moja inaweza kuandikwa kwenye sheria: halmashauri iwe na mtu wa kumshikia ndugu zamu. Mara mbili tumeandika anachodaiwa ndugu. Hatujaandika anachopewa.

Babu alifariki mwaka 2013. Sasa mgongo wa bibi umepinda, na anayemtunza ni yule yule mama mkubwa, ambaye naye amepita miaka 50. Desemba iliyopita, Wachaga tuliporudi nyumbani kama kawaida yetu, nilichukua jembe nikachimba ngazi, nikampikia bibi mtori. Mama mkubwa alivaa kitenge chake kipya akaenda sokoni. Alirudi jua likizama, mkononi hana kitu.

"Hukununua chochote?" nikamuuliza.

"Nilikuwa napiga stori," akasema.