Mchikichi, Mfalme na Shujaa: Historia ya Fedha ya Kongo

Sarafu ya wakusanyaji ni sarafu inayotolewa kwa ajili ya kumbukumbu zaidi kuliko matumizi ya sokoni, na inaweza kubeba sura ya shujaa upande mmoja na mmea wa asili ya nchi upande wa pili, ili mtu na ardhi yake vikumbukwe pamoja. Nchini Kongo fedha imewahi kubeba shujaa na imewahi kubeba mmea wa asili, lakini katika fedha ya matumizi ya kila siku viwili hivyo vimepita njia tofauti.

Kabla ya ukoloni, wakazi wa kingo za mto Kongo karibu na Kisangani, wakiwemo Walokele na Waturumbu, walitumia liganda, bapa la chuma lenye umbo la mkuki na urefu unaoweza kumpita mtu, katika kulipa mahari na madeni makubwa. Utawala wa kikoloni ulileta sarafu za duara, na katika miaka ya 1920 sarafu ya faranga moja ilichorwa kichwa cha Mfalme Albert I wa Ubelgiji upande mmoja na mchikichi upande wa pili. Mchikichi ndio mti unaozaa matunda ya kukamuliwa mawese, na asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, hivyo mti wa wenyeji ulipigwa chapa mgongoni mwa mfalme aliyeishi ng'ambo ya bahari.

Uchaguzi wa mti huo uliendana na uchumi wa wakati ule, kwa kuwa mkataba wa mwaka 1911 ulikuwa umempa mfanyabiashara wa Uingereza, William Lever, haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo ili apate mafuta ya kutengenezea sabuni. Mwaka 1933 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC, ambayo kituo chake kikuu kilikuwa Yangambi, magharibi mwa Kisangani. Huko, mwaka 1941, Abel Beirnaert na R. Vanderweyen walieleza jinsi unene wa ganda la kokwa unavyorithiwa, wakaonyesha kwamba dura, yenye ganda nene, ikichanganywa na pisifera, isiyo na ganda, huzaa tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Ugunduzi huo ukawa msingi wa mashamba ya michikichi duniani.

Mchikichi ulirudi kwenye sarafu ya faranga tano ya mwaka 1952, safari hii bila sura ya mfalme. Wakati huo Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua mwaka 1925 na ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na mwaka 1966 akatangazwa shujaa wa taifa. Hata hivyo, nchi ilipoitwa Zaire, sarafu zake zilibeba sura ya Rais Mobutu, zikiwemo zile za wakusanyaji za mwaka 1975 zilizoonyesha gorila, okapi na chui.

Lumumba aliingia katika faranga mpya iliyoanza kutumika tarehe 30 Juni 1998, kwenye noti ya faranga moja inayomwonyesha akiwa amekamatwa pamoja na wenzake, huku upande wa pili ukiwa na majengo ya mgodi. Mmea ulipewa noti ya santimu moja, yaani sehemu ya mia ya faranga, yenye mwanamke anayevuna kahawa. Kupanda kwa bei kuliziondoa noti zote mbili sokoni.

Huko Bengamisa, kwenye barabara itokayo Kisangani kwenda Banalia na Buta, mawese bado ni chakula na biashara ya kaya nyingi. Benki Kuu ya Kongo ingetenda haki kwa kutoa sarafu ya kumbukumbu yenye sura ya Lumumba na mchikichi, kwa sababu upande uliokaliwa na mfalme mgeni ni stahili ya mtu aliyeifia nchi. Nazo familia za mkoa wa Tshopo, ulipo mji wa Kisangani, zilizo na sarafu za zamani zisiziuze kama chuma chakavu, bali zizihifadhi na kuwaeleza watoto historia iliyochongwa juu yake.