Baraza na Mbiu: Utawala na Mitandao ya Kijamii Nchini Kenya

Neno baraza, katika miji ya pwani, asili yake ni kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mwenyeji na mpita njia huketi wakazungumza. Serikali ya kikoloni ililichukua neno hilo hadi bara, likawa mkutano ulioitishwa na chifu. Watu walisomewa amri za kodi na kazi. Kusikiliza kulikuwa wajibu wao, na kusema kulikuwa hisani yake. Hata gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 liliitwa Baraza.

Yafaa historia hii ikumbukwe kila inapodaiwa kwamba intaneti imeleta baraza jipya. Mwaka 2012 Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, alivuma duniani kwa kutumia Twitter katika kazi yake. Saa kumi za usiku alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe, baada ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje, na wezi wakatoroka. Kondoo aliyepotea naye alitangazwa kwa njia iyo hiyo. Wengi wa wakazi hawakuwa na simu za intaneti, ila ujumbe uliwafikia kama ujumbe mfupi wa kawaida. Tena aliandika aghalabu kwa Kiswahili, na herufi 140 hazikumwachia nafasi ya dibaji. Aliyewahi kukaa juani akisikiliza hotuba ya afisa wa serikali ataelewa kwa nini wakazi walimpenda.

Hata hivyo, alichokifufua Kariuki si baraza, bali mbiu ya mgambo. Mbiu huita watu watoke, haiwaulizi maoni. Baraza lenyewe, kwa maana yake ya pwani, lilikuwa limekwisha kujengwa kwingine. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, wananchi walipeleka habari za ghasia kwa waandishi wa blogu, miongoni mwao Ory Okolloh. Januari 2008 yeye na wenzake wakaanzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za raia. Jina hilo ni la mahakamani, nalo lilichaguliwa vyema: lilimgeuza msikilizaji kuwa shahidi.

Dola, iliyoifurahia mbiu, haikulifurahia baraza hili. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilitumiwa kuwakamata walioandika maneno yasiyowapendeza wakubwa, hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha Aprili 2016. Mwaka 2018 ikatungwa sheria nyingine ya makosa ya mitandaoni.

Juni 2024 vijana waliufafanua Muswada wa Fedha mitandaoni, kifungu kwa kifungu, wengine kwa lugha za mama zao, jambo ambalo Bunge halikuwa limelifanya. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Tarehe 5 Julai aliketi katika mjadala wa sauti kwenye mtandao wa X, akahojiwa na vijana hao. Kufikia siku hiyo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imekwisha kuhesabu watu 39 waliouawa katika maandamano.