Kidonda cha Buruli: Kutoka Kisu Hadi Kidonge

Mwaka 1897, katika Hospitali ya Mengo mjini Kampala, daktari Mwingereza Albert Cook aliandika habari za wagonjwa wenye vidonda vikubwa visivyo vya kawaida. Nusu karne ilipita kabla ya wataalamu wa Australia kumfichua adui huyo, mwaka 1948: bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Hata hivyo, jina la ugonjwa lilitoka Uganda, katika eneo la Buruli karibu na mto Nile, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960.

Adui huyu ana hila. Huanza kwa uvimbe mdogo usiouma, kisha hula ngozi na nyama iliyo chini yake. Sumu yake hufisha hisia ya maumivu, na mgonjwa huchelewa kutafuta tiba. Kwa miaka mingi silaha ya madaktari ilikuwa kisu: kuondoa sehemu iliyooza na kupandikiza ngozi, na mara nyingine kukata kiungo kizima.

Madaktari wa Uganda hawakukaa kitako. Mwaka 1973 yalitangazwa matokeo ya kuijaribu klofazimini, dawa ya ukoma. Haikuonekana kuwafaa wagonjwa. Ukweli huo ulikuwa mchungu, lakini uliwaepusha watu na matumaini ya bure.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya rifampisini pamoja na sindano ya streptomaisini kila siku kwa majuma 8. Sindano hiyo iliweza kudhuru masikio. Baadaye klarithromaisini, ambayo ni kidonge, ilichukua nafasi yake. Utafiti wa Ghana na Benin uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 96 ya waliotumia vidonge hivyo viwili walipona katika muda wa mwaka mmoja. Lakini hao walikuwa na vidonda vichanga, visivyozidi sentimita 10.

Hapo ndipo penye fundisho kwa majeshi na polisi. Askari hufunzwa kustahimili maumivu. Uvimbe huu hauumi, kwa hiyo ustahimilivu wake hauna kazi hapa. Anayepiga doria kandokando ya vinamasi, ambako ugonjwa huu hupatikana, na aukague mwili wake, na akiona uvimbe auripoti kwa mganga wa kikosi siku hiyo hiyo. Kuripoti si woga. Mficha maradhi, kifo humuumbua.