Hoja ya Kusomeshana: Watahiniwa wa Kidato cha Nne katika Nchi ya Rungwa

Msaada ambao wanafunzi hupeana wao kwa wao wanapoukabili mtihani wa taifa husifiwa aghalabu katika hotuba za mahafali, ukatajwa kuwa dalili ya malezi mema, kisha ukasahauliwa kabla viti havijarudishwa madarasani. Watungaji wa sera huutaja kwa nadra, na wakaguzi wa shule, ambao huhesabu walimu, madawati, vitabu na matundu ya vyoo, hawana safu ya kuuandika. Makala haya yanakusudia kuthibitisha kwamba kusahau huko ni taksiri kubwa. Kwamba katika shule za kata zilizo mbali na miji kusomeshana ni sehemu ya ufundishaji wenyewe, sawa na saa ya mwalimu ubaoni. Na kwamba mtu anayeulizwa sababu ya kufaulu kwa mtoto wa shule kama hizo, akataja juhudi ya mwalimu na akili ya mtoto basi, huwa ametoa nusu ya ushahidi.

Rungwa ni mahali panapofaa kuipima hoja hii. Kata hiyo ya Halmashauri ya Itigi, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, iko katika njia itokayo Mkiwa na kupita Itigi, penye stesheni ya Reli ya Kati, hadi Makongolosi upande wa Chunya, masafa ya zaidi ya kilomita 400. Na hapo Rungwa njia hugawanyika, tawi moja likaelekea Tabora kwa kupitia Ipole. Jirani yake mkubwa ni Pori la Akiba la Rungwa, ambalo sehemu yake ya kusini ilimegwa mwaka 1964 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wakimbu, wenyeji wa kale wa nchi hiyo, walijulikana kwa asali, kwa uwindaji na kwa vijiji vilivyotawanyika msituni, na ijapokuwa leo wamechanganyika na watu waliohamia kutoka pande nyingi, masafa yangali hakimu wa mambo mengi. Mwalimu wa Fizikia akihamishwa kutoka shule ya mbali namna hiyo, pengo lake halizibwi kwa wiki moja. Kitabu kikipotea, duka la vitabu haliko mtaa wa pili. Na mtoto ambaye kwao ni mbali na shule, ikiwa hapana hosteli, hana budi kupanga chumba, katika makazi ambayo wanafunzi wenyewe huyaita mageto, akajipikia ugali wake jioni na kujichunga nafsi yake usiku.

Katika hali hiyo kundi la kusoma, ambalo vijana huliita diskasheni, huzaliwa na dhiki kwanza, na mapenzi huja baadaye. Kitabu ni kimoja na wasomaji ni watano. Taa ya sola ni moja na mageto ni matatu. Aliyeelewa hesabu za moli ni mmoja, naye hajui kusoma ramani ya Jiografia mpaka aelekezwe na yule anayemwelekeza moli. Chukua mfano wa jaribio la pendulamu, ambalo halina ugeni katika mtihani wa vitendo wa Fizikia. Vifaa vya maabara visipotosha, wanafunzi hufunga jiwe kwa uzi, wakautundika uzi kwenye tawi au kwenye kenchi ya paa. Mmoja huliachia jiwe, wa pili huhesabu mapembeo kwa sauti hadi ishirini, wa tatu hukodolea macho saa, wa nne huandika, na wa tano, ambaye hakupata kazi, husahihisha wengine wote. Uzi wa sentimita 100 hutoa sekunde 40 hivi. Ukifupishwa hadi sentimita 50 hutoa sekunde 28 na ushei. Na hapo hudhihirika kwamba kuukata uzi nusu hakuleti nusu ya muda, jambo ambalo wengi walikuwa wamelikariri katika kanuni bila kuliamini. Akitokea wa kudai kwamba jiwe zito litapembea upesi kuliko jepesi, na hakosi kutokea, wala hakosi wa kumwunga mkono, jiwe hubadilishwa, hesabu hurudiwa, na saa hutoa hukumu isiyojali wingi wa kura.

Walakini siku ya mtihani kila mtahiniwa huhesabiwa peke yake, akashika jiwe, saa na kalamu kwa mikono miwili ile ile aliyoruzukiwa na Mola wake. Makundi yenye busara yanalijua hilo, na kwa hivyo hubadilishana kazi, maana aliyezoea kuandika tu, siku ya siku haoni pa kuanzia kuhesabu. Jambo hili dogo lina uzito katika hoja yetu: kusomeshana kwa maana yake ya haki ni matayarisho ya upweke, na kundi ambalo halimfikishi kila mtu mahali pa kuweza kufanya kazi bila ya wenzake ni baraza la mazungumzo lililojipa jina la masomo.

Husemwa, na wazazi wengi huamini, kwamba katika diskasheni kipanga hupoteza wakati na kilaza ndiye anayefaidi. Nayatumia majina ya wanafunzi wenyewe, ambayo hayana adabu sana. Dai hilo halijui namna elimu inavyokaa moyoni. Anayemweleza mwenziwe hulazimika kupanga maneno yake, kutafuta mfano, kujibu swali ambalo hakulitarajia, na mara nyingi hugundua katikati ya maelezo kwamba alichodhani anakijua alikuwa amekihifadhi tu. Vyuo vya Kurani vya pwani vililijua hilo zamani, ambapo mwanafunzi aliyetangulia husikiliza somo la aliye nyuma yake. Na mwishoni mwa karne ya 18 Andrew Bell kule Madras na Joseph Lancaster kule London walijenga juu yake utaratibu mzima wa shule, wanafunzi wakubwa wakiwafundisha wadogo kwa amri ya mwalimu mmoja. Tofauti ni kwamba kwa Bell na Lancaster mtoto alifundisha kwa kuamriwa, na siku zote aliye juu alimfundisha aliye chini, ilhali katika geto la wanafunzi mwalimu wa saa moja ni mwanafunzi wa saa ya pili.

Basi choyo kilitoka wapi? Kwani ni kweli kwamba wapo wafichao noti, na wapo wanaokesha kwa siri wakidai mchana kwamba walilala mapema. Hasada hiyo ina tarikhi yake. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Machi 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu iliyorithiwa kwa kuupa mtihani cheo kisichostahili na kumfundisha kijana kujitenga na jamii yake. Tanzania Bara ikajitoa mwaka 1971 katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania kwa sheria ya mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka mtihani wa mwisho usiwe kipimo cha pekee cha mwanafunzi. Lakini nia njema haikuongeza nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliomaliza darasa la saba wakapata sekondari ya serikali hawakufika mmoja katika kila kumi, na nafasi hizo ziligawiwa kwa mafungu ya mikoa na wilaya. Kwa hivyo jirani wa dawati, mtoto wa kijiji kile kile, alikuwa kwa hakika mshindani katika fungu lile lile. Kumnyima kitabu ulikuwa ubaya, lakini haukuwa upumbavu.

Leo ni upumbavu pia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za kata, na tangu Januari 2016 ada zimeondolewa hadi kidato cha nne. Muhimu kuliko hayo ni mizani yenyewe: mwenye alama 75 au zaidi katika somo hupata A, awe yeye pekee au wawe elfu kumi, na mwenye pointi 7 hadi 17 huingia daraja la kwanza bila ya kumtoa mtu mwingine humo. Ushindani haukufa, kwa sababu nafasi za kidato cha tano, hasa katika shule zenye jina, hazimtoshi kila anayezitaka. Ila washindani hao wametawanyika nchi nzima, na kumfichia noti mwenzako wa Rungwa hakumpunguzi hata mmoja wa Mbeya au Arusha. Januari 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi kumi bora, uamuzi uliowaudhi wenye shule za kulipia, ambao orodha ile ilikuwa tangazo lao la biashara, lakini ambao kwa shule ya kata haukuondoa chochote, maana haikupata kuwa na tamaa ya kuonekana humo.

Liko pia jambo la lugha, nalo ni zito kuliko yote. Mtoto wa Kitanzania husoma msingi kwa Kiswahili, kisha huingia kidato cha kwanza akakuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe na mengine machache, limo katika Kiingereza. Na shule nyingi huweka mabango ya kumkataza kusema lugha anayoielewa. Mjini pengo hilo huzibwa na tuisheni, televisheni na vitabu vya nyumbani. Mahali kama Rungwa huzibwa usiku, katika diskasheni, ambapo hapana mwenye kuadhibu, na ambapo swali la Bayolojia husomwa kwa Kiingereza, hubishaniwa kwa Kiswahili, kisha jibu hurudishwa katika Kiingereza kwa jitihada za wote, huyu akitoa kitenzi na yule tahajia. Wanafunzi wanafanya bila ya malipo kazi ya tafsiri ambayo dola haijaamua bado ni ya nani.

Sharti la insafu linatutaka tusikilize upande wa pili, na pingamizi moja ni la kweli. Kundi lisilo na mwalimu linaweza kukubaliana juu ya kosa. Katika pendulamu kosa hukanushwa na saa. Lakini katika Historia na Uraia hapana jiwe la kutundika, na tarehe iliyokosewa na kipanga huandikwa na watano wote, tena kwa mwandiko mzuri. Februari 2013, yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, nchi ikataharuki, tume ikaundwa, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Katika makelele yale lawama iliwaangukia walimu, wazazi, serikali na mizani ya alama, na hapana aliyeuliza wanafunzi walisoma nini walipokuwa peke yao, wala kwa karatasi zipi. Madesa yaliyonakiliwa kutoka kwa aliyenakili huenea shuleni kuliko kitabu, na hayana wa kuyasahihisha.

Pingamizi la pili, kwamba kusaidiana ni mlango wa udanganyifu, silioni kuwa na nguvu. Anayenong'ona jibu ndani ya chumba cha mtihani amemsaidia mwenziwe kuandika, hakumsaidia kujua, na kanuni za Baraza humfutia matokeo kwa haki. Wenye kuhitaji mnong'ono ni wale waliokosa kusomeshwa miezi ya nyuma. Tena ikumbukwe kwamba wapo wanaolitegemea kundi kwa ukamilifu: watahiniwa wa kujitegemea, wasio na darasa lolote, na wasichana walioruhusiwa tangu Novemba 2021 kurudi shuleni baada ya kujifungua, ambao masomo waliyoyakosa hayatafundishwa upya ubaoni kwa ajili yao, bali yatasimuliwa na rafiki huku mtoto akibembelezwa.

Tiba ya kosa la pamoja ipo, na imekwisha kulipiwa. Kila baada ya mtihani Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikionyesha swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi na kwa sababu gani, pamoja na vielelezo vya jibu zuri na jibu baya katika mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Hakuna kitabu kilicho karibu zaidi na haja ya diskasheni. Lakini taarifa hizo huwekwa katika intaneti, zaidi kwa ajili ya walimu, na karibu zote kwa Kiingereza, wakati ambapo mwanafunzi wa geto hana kompyuta na simu amekatazwa kuileta shuleni. Zichapwe kwa karatasi ya kawaida, maelezo yake yawe kwa Kiswahili na vielelezo vya majibu vibaki kama vilivyoandikwa, zifike katika shule za kata kabla ya mwezi wa Juni ili ziwe na nafasi ya kusomwa kabla ya Novemba, na mkuu wa shule awape viongozi wa makundi ruhusa ya kutoka nazo nje ya ofisi yake, wakazisome hadi kurasa zichanike.