Moshi wa gari la zamani: kulipitisha kwenye ukaguzi na kumlinda mtoto

Mama au mlezi, gari la zamani likitoa moshi mzito, shida si ya dereva na trafiki peke yao. Anayeuvuta zaidi ni mtoto aliyekaa kiti cha nyuma, au yule anayesubiri Hiace ya shule huku pua yake ikiwa karibu usawa wa ekzosi. Mtoto mdogo hupumua mara nyingi kwa dakika kuliko mtu mzima, kwa hiyo hupata moshi mwingi zaidi kulingana na uzito wake. Kwa mwenye pumu, safari fupi tu inaweza kuanzisha kikohozi na kubanwa kifua. Moshi wa dizeli unaleta na saratani ya mapafu. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walilithibitisha hilo mwaka 2012.

Ukaguzi unaangalia nini?

Magari yetu hukaguliwa na askari wa usalama barabarani, na mabasi ya shule huangaliwa zaidi shule zinapofunguliwa. Mbali na breki, matairi na taa, moshi nao ni kosa. Njia rahisi ni kumwambia dereva akanyage mafuta gari likiwa limesimama, kisha kutazama kinachotoka nyuma. Penye mashine, mrija huingizwa kwenye ekzosi. Gari la petroli hupimwa gesi ya kaboni monoksidi na mafuta ambayo hayakuungua, la dizeli hupimwa weusi wa moshi.

Umri peke yake haulifelishi gari. Noah nyingi tunazopanda zilitumika kwanza Japani, ambako gari la familia hurudi kwenye ukaguzi kila baada ya miaka 2, moshi ukiwemo. Lilikuwa likifaulu huko. Kinacholiangusha hapa ni matunzo.

Soma rangi ya moshi kabla ya kwenda gereji

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi na hewa ni kidogo. Kwa sisi tunaopita njia za vumbi za Zegereni nyuma ya malori ya viwandani, cha kushuku kwanza ni chujio la hewa. Vumbi likiziba chujio, injini inakosa pumzi kama mtoto mwenye mafua. Mwombe fundi alifungue mbele yako. Likiwa jeusi au limejaa udongo, libadilishwe. Kulipuliza kwa upepo kunasaidia siku chache tu, na likitoboka, vumbi linaingia ndani na kula injini. Ratiba ya kulibadilisha iliyo kwenye kitabu cha gari inafikiria barabara ya lami, hapa kwetu muda uwe mfupi zaidi. Chujio ni zima na weusi bado upo? Kwa dizeli aangalie noza na pampu. Kwa petroli aangalie plagi, na kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, aipime kwa mashine badala ya kubahatisha kwa kubadilisha vifaa.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Hapo ringi za pistoni au sili za vali zimechoka, na gharama ni kubwa. Wapo wanaomwaga oili nzito siku moja kabla ya ukaguzi ili moshi upungue. Stika inapatikana, lakini baada ya muda moshi unarudi na watoto wanaendelea kuuvuta. Afadhali pesa hiyo ianze kuwekwa kwa ajili ya matengenezo.

Moshi mweupe asubuhi, unaoisha gari likipata joto, ni mvuke tu. Usipoisha na maji ya rejeta yanapungua, gasketi huenda imeungua. Kwa dizeli huweza kuwa mafuta ambayo hayajaungua.

Mafuta nayo yanunuliwe kituoni. EWURA ilianza kuyawekea vinasaba mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wakichakachua dizeli na petroli kwa mafuta ya taa. Ya kwenye chupa barabarani huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Katikati ya ekzosi ya gari la petroli kuna kijungu cha kusafisha moshi, ambacho mafundi hukiita masega. Kina madini ya thamani, ndiyo maana wapo watakaokushawishi ukiuze. Usikubali. Bila masega gari linatembea vizuri kabisa, ila gesi zenye sumu zinatoka bila kusafishwa na kwenye mashine litafeli. Masega hufanya kazi yakiwa moto, hivyo siku ya kupimwa gari litembezwe kwanza hadi injini ichemke vizuri.

Sumu isiyoonekana

Gari lisilotoa moshi wa kuonekana bado linaweza kuua. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu huiingiza ndani, hasa vioo vikiwa vimefungwa. Mwambie fundi apande chini ya gari asikilize na kuangalia matundu. Usimwache mtoto amelala ndani ya gari linalonguruma, na usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Mjamzito awe mwangalifu zaidi, kwani gesi hii humfikia mtoto tumboni na huchelewa kutoka kwake.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Mtoto mchanga atakuwa mlegevu na atakataa kunyonya. Watu wengi kwenye gari moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, msiseme ni uchovu wa safari. Zimeni injini, tokeni nje kwenye hewa, kisha nendeni kituo cha afya kilicho karibu au Tumbi, kwa gari jingine. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mtu aliyelegea akinyweshwa anaweza kupaliwa. Ukifika, mwambie mhudumu mapema kwamba mlikuwa kwenye moshi wa gari, kwa sababu kile kipimo cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ya kawaida hata mtoto akiwa na sumu mwilini.