Hukumu ya Wachezaji juu ya Halo 2

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Novemba, 2004, maduka mengi ya Marekani yalifunguliwa saa sita ya usiku, wakati ambapo mwenye duka kwa desturi huwa amelala, na nje yake walisimama watu katika mistari mirefu wakingoja kununua kitu ambacho kesho yake mchana wangaliweza kukinunua bila kusimama. Kitu hicho kilikuwa mchezo wa video uitwao Halo 2, kazi ya kampuni ya Bungie, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya Xbox ya kampuni ya Microsoft. Katika saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala milioni 2.38 katika Marekani na Kanada, thamani yake dola milioni 125. Wenye biashara walifurahi, na furaha yao haina haja ya kuelezwa.

Haukupita mwezi, watu wale wale waliosimama katika baridi wakawa wamegawanyika. Wako waliosema kwamba hawajapata kuona mchezo bora kuliko huu, na wako waliosema kwamba wamedanganywa mchana kweupe. Jambo linalonivuta mimi ni kuwa mara nyingi aliyesifu na aliyelaumu walikuwa mtu mmoja: asubuhi aliilaani hadithi ya mchezo, na jioni alirudi kucheza na wenzake mpaka usiku wa manane. Wahakiki wa magazeti waliusifu karibu kwa sauti moja. Ugomvi ulikuwa wa wachezaji wenyewe.

Yamkini msomaji atauliza mchezo wa kufyatua risasi una haki gani ya kuingia katika kurasa hizi. Ningeweza kujibu kuwa historia ya watu ni pamoja na historia ya mambo waliyoyapenda na kuyagombania. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni jepesi. Sababu yangu hasa ni kwamba ugomvi ule, kwa nusu yake, ulikuwa juu ya Mombasa, ingawa wengi wa waliogombana hawakuwa na habari.

Nilipouona mchezo huu mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu, nimeketi nyuma ya rafiki yangu katika chumba chake kidogo, nikisoma kitabu kwa jicho moja na kutazama televisheni kwa la pili. Mara nikasikia askari mmoja wa katika mchezo akiitaja Mombasa. Nikamwomba rafiki yangu asimame kidogo. Akanijibu bila kugeuka, "Ndugu yangu, nikisimama nitauawa." Basi ikanibidi kungoja mpaka auawe kwa ajali yake mwenyewe, ndipo nikauliza.

Hadithi yenyewe ni hii kwa ufupi. Katika mchezo wa kwanza, uliotoka tarehe 15 Novemba, 2001, wanadamu wa karne ya 26 wanapigana na muungano wa viumbe wa nyota nyingine uitwao Covenant, yaani Agano. Viumbe hao wanafungwa pamoja na dini moja. Wanaamini kwamba pete kubwa mno zinazoelea angani, zilizoachwa na watu wa kale, zitawachukua katika safari ya wokovu, kumbe pete hizo ni silaha ya kuua kila chenye akili. Shujaa wa wanadamu ni askari mmoja wa deraya ya kijani aitwaye Master Chief. Hasemi sana, na uso wake hauonekani. Mwisho wa mchezo huo wa kwanza anaivunja pete moja, na mchezaji anaondoka akiwa ameridhika.

Mwezi wa Mei 2003, katika maonyesho ya michezo ya video mjini Los Angeles, Bungie walionyesha kipande cha mchezo wa pili. Master Chief anateremka katika mji wa New Mombasa, Mombasa Mpya ya mwaka 2552, na vita vimeshika mitaa. Wachezaji walikitazama kipande hicho, wakakirudia, wakakiweka moyoni kama mtu awekavyo ahadi ya posa. Matangazo ya biashara yaliyofuata yalikaza maneno: safari hii vita vimefika nyumbani, nawe utaitetea Dunia. Walakini kipande kile hakimo katika mchezo uliouzwa. Ufundi wa mwanga na vivuli uliotumika kukitengeneza ulikuwa mzito kuliko nguvu za Xbox. Ukatupwa, na kazi ikaanzwa upya wakati siku zimekwisha kupungua. Hayo mafundi wa Bungie wenyewe waliyakiri baadaye.

Hata mchezo ulipotoka, sehemu za kuchezwa zilikuwa 14, na katika hizo ni 2 tu zilizokuwa juu ya ardhi ya Dunia. Katika ya kwanza mchezaji anapita vichochoro vya mji wa kale wa Mombasa na kutokea ufukweni. Katika ya pili anaendesha kifaru juu ya daraja refu kuingia kisiwani. Kisha merikebu ya adui inaruka kutoka anga ya mji wenyewe kwenda mbali, mshindo wake unauharibu mji, na Master Chief anaifuata. Dunia haionekani tena mpaka dakika za mwisho.

Lalamiko la kwanza, basi, lilikuwa hili: tumeahidiwa vita vya Dunia, tumepewa onjo. Nami nalisoma lalamiko hilo kwa namna ya kwangu. Tangu Wareno walipofika, wageni wamenung'unika mengi juu ya Mombasa. Wamenung'unikia joto lake, homa zake, na ukaidi wa wenyeji wake. Lakini maelfu ya vijana wa Marekani na Ulaya kukasirika kwa kuwa Mombasa waliyopewa ni kidogo, hilo ni jambo geni katika maandiko ya mji ule.

Kwa nini Mombasa? Katika hadithi mji huu una mnara unaopanda mpaka nje ya anga ili kuchukulia mizigo, na kwa kanuni za sayansi mnara wa namna hiyo hutakiwa uwe karibu na Ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini yake. Sababu hiyo inatosha kwa mhandisi. Sisi tunaokumbuka kwamba mji huo ndio Mvita, na kwamba wenyeji wake wenyewe wamelifungamanisha jina hilo na vita, twaona kwamba waandishi wale walichagua vizuri kuliko walivyojua. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, ikapigwa tena mwaka 1528, ikapigwa tena mwaka 1589, na Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593. Mji uliovamiwa kutoka baharini mara nyingi hivyo si ajabu ukavamiwa na kutoka juu pia.

Ila kuna neno moja lililonichoma. Katika maandishi ya hadithi hii, Mombasa ya mwaka 2552 imo katika nchi iitwayo East African Protectorate. Waingereza walitangaza himaya ya jina kama hilo mwaka 1895, na mwaka 1920 wakaigeuza kuwa Koloni ya Kenya. Mwandishi ameruka karne tano na nusu mbele kwa merikebu za nyota, akafika akatukuta bado tu chini ya himaya! Tena katika vichochoro vile vya mchezo hamna mama muuza mikate, hamna mzee barazani, hamna mtoto. Kuna askari na kuna adui. Hili sikulikuta katika malalamiko ya wachezaji, wala siwalaumu, kwa sababu mtu hulalamikia alichokitarajia.

Lalamiko la pili ndilo zito. Mchezaji aliyelipa fedha yake ili awe Master Chief alikuta kwamba katika sehemu 6 kati ya zile 14 anafanywa kuwa adui. Mchezo unafunguka kwa mambo mawili yanayoonyeshwa kwa zamu. Huku Master Chief anavikwa nishani mbele ya watu wakishangilia. Kule jemadari mmoja wa Covenant anahukumiwa kwa kosa la kushindwa kuilinda pete, anavuliwa heshima, na anapigwa chapa ya moto mbele ya umati. Pete aliyoshindwa kuilinda ni ile aliyoivunja mchezaji mwenyewe miaka mitatu nyuma. Jemadari huyo anapewa deraya ya Arbiter, Mwamuzi, cheo cha mtu anayetumwa mahali ambapo hatazamiwi kurudi, kisha mchezaji anaambiwa: sasa wewe ndiwe huyu.

Wengi walichukia. Walisema hawakununua mchezo ili wapigane kwa ajili ya watu waliokuja kuwaua. Walisema pia, na hapa walikuwa na haki, kwamba baadhi ya sehemu za Arbiter ni ndefu na zina giza, na kwamba mtu huchoka kupiga viumbe wale wale katika kumbi zile zile. Lakini uchovu huo ulikuwamo hata katika mchezo wa kwanza, nao ulisamehewa. Mimi naona kwamba kilichowaudhi hasa ni kule kuhamishwa. Mtu alikuwa amezoea kumwona adui kwa kutazama juu ya mtutu wa bunduki, na sasa alitakiwa asikie aibu ya adui huyo, imani yake, na uchungu wake anapotambua kwamba wakuu wa dini yake wamemdanganya.

Tuikumbuke na siku yenyewe. Vita vya pili vya Fallujah, katika nchi ya Iraki, vilianza tarehe 7 Novemba, 2004, siku mbili kabla ya milango ya maduka kufunguliwa. Sidai kuwa kijana aliyeshika kitufe cha Xbox alikuwa akiifikiria Fallujah. Lakini wakubwa wa biashara waliufikiria ulimwengu kidogo: jina la kwanza la Arbiter lilikuwa Dervish, yaani darweshi, neno tunalolijua sisi wa pwani, na lilibadilishwa kabla ya mchezo kutoka kwa hofu kwamba lingegusa mambo ya dini. Hadithi ya askari wa imani anayegeuka kuwa mtu machoni pa Mmarekani ilikuwa inaomba jambo kubwa katika juma lile.

Kisha ukaja mwisho, na juu ya mwisho karibu watu wote walikuwa upande mmoja. Sehemu ya kumalizia inachezwa na Arbiter. Halafu tunamwona Master Chief anawasili Duniani katika merikebu ya kale, anaulizwa amekuja kufanya nini, anajibu kwamba amekuja kuvimaliza vita, na hapo hapo yanatokea majina ya mafundi. Ilikuwa kama kusimuliwa hadithi na bibi akalala kabla ya zimwi kufa. Sehemu za mwisho za Dunia zilikuwa zimekusudiwa, zikakatwa kwa uhaba wa wakati. Wachezaji walingoja miaka karibu mitatu, mpaka tarehe 25 Septemba, 2007, ilipotoka Halo 3, na huko walipigana Voi na Tsavo. Wenye kazi walikuwa wamesikia lawama: katika mchezo huo mtu anayecheza peke yake ni Master Chief mwanzo hata mwisho, na Arbiter huchezwa na mwenziwe tu, wakiwa wawili au zaidi.

Sehemu ambayo haikuleta ugomvi mkubwa ni ile ya kushindana kwa njia ya intaneti. Zamani, kutafuta wa kucheza naye ilikuwa kazi. Halo 2 ilimpangia mtu wapinzani wa daraja yake, na rafiki zake wakakaa kundi moja kutoka uwanja hata uwanja. Uwanja mmoja uliopendwa sana uliitwa Zanzibar, ngome ya kando ya bahari yenye gurudumu kubwa la upepo. Kundi moja linatoka ufukweni kushambulia, na la pili linalinda. Wako watu wazima leo ambao kwao Zanzibar ni kwanza gurudumu hilo, na kisiwa baadaye.

Hukumu ya wachezaji haikukaa ilipowekwa. Mwaka 2009 ilitoka Halo 3: ODST, ambayo karibu yote imo ndani ya New Mombasa usiku, mji mtupu unaonyeshewa mvua, na sehemu zake zina majina ya Kizingo na Kikowani, mitaa ya kweli ya Mombasa. Mwanachuo mmoja wa hadithi hiyo, aliyeshughulika na mtambo wa kuuongoza mji, ameitwa Daktari Endesha. Nilicheka peke yangu, kisha nikashukuru kwamba hatimaye mji umepata mkazi mwenye jina. Mwaka 2014 Halo 2 ilitolewa tena kwa picha mpya, na wenye kazi wakaifungua na kuifunga kwa maonyesho mapya ya Arbiter, yule yule aliyeondolewa mbele mwaka 2007. Mwaka 2015, Halo 5 ilipompa Master Chief sehemu 3 tu kati ya 15, kelele za mwaka 2004 zilirudi. Safari hii wachezaji wengi waliwaambia mafundi wajifunze kwa Arbiter namna ya kumgeuza mchezaji kuwa mtu mwingine. Nawajua walioyasema yote mawili, na ninapowakumbusha hukana la kwanza.

Na wale waliocheza kwa intaneti? Tarehe 15 Aprili, 2010, Microsoft ilifunga huduma ya michezo ya Xbox ya kwanza. Aliyetoka hakuweza kurudi, lakini aliyekuwa ndani aliweza kubaki maadamu mashine yake haikuzimwa. Wachezaji wachache wa Halo 2 wakaziacha mashine zao zikiwaka, mchana na usiku, wakiendelea kucheza wao kwa wao. Wakapungua mmoja mmoja, huyu mashine yake imekufa, huyu mtandao umemkatikia. Wa mwisho alitoka mwezi wa Mei.